Anayeamrisha Chanjo Anadaiwa Nini

Kila mwaka mahujaji wetu wa Unguja na Pemba huchanjwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya kusafiri, kwa sababu Saudi Arabia haimpokei hujaji asiye na cheti chake, na sijapata kumsikia hata mmoja miongoni mwao akilalamika kwamba uhuru wake umevunjwa au kwamba imani yake imeingiliwa. Mzee hukunja mkono wa kanzu hadi begani, husema bismillahi, hupokea sindano yake, kisha kadi ya manjano huitia ndani ya pasipoti, na pasipoti huitia ndani ya mfuko wa nailoni akaufunga kwa mpira. Mzee huyo huyo akirudi mtaani na kusikia kwamba wauguzi wamefika skuli kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, huweza kusimama barazani akatangaza kwamba hakuna serikali yenye mamlaka juu ya mwili wa mjukuu wake. Nimewasikiliza watu wa namna hiyo kwa muda mrefu, wengine ni jamaa zangu wa damu, na siwaoni kuwa ni wanafiki hata kidogo. Wanaiona tofauti ambayo mijadala yetu juu ya chanjo za lazima huipita bila ya kuitazama, nami nataka kuiandika tofauti hiyo kwa utaratibu, kwa sababu naamini ndani yake mna jibu la sehemu kubwa ya ugomvi wetu.

Sharti la Hijja lina sababu inayoelezeka kwa maneno machache. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka miongoni mwa mahujaji, wakaibeba hadi makwao, na tangu hapo chanjo ikawa sharti. Mwaka 2000 na 2001 ikazuka tena kwa aina nyengine ya vijidudu, na sharti likabadilishwa ili chanjo ikinge dhidi ya aina nne za vijidudu hivyo. Hujaji anajua kwamba atalala Mina katika hema moja na watu asiowajua, waliotoka kila pembe ya dunia, na kwamba kikohozi cha mmoja ni cha wote. Anajua pia kwamba hakuburutwa: safari ni yake, nia ni yake, na mwenye nyumba ameweka sharti mlangoni mwake. Na zaidi ya yote, jambo ambalo nadhani ndilo zito kuliko mengine, hamshuku anayemwamrisha.

Hata hivyo amri hiyo nayo ina watu inaowaumiza. Baada ya miaka miwili ambayo wageni walizuiliwa, Hijja ya 2022 ilifunguliwa kwa watu milioni moja, kwa sharti la kuchanjwa Uviko-19 na la kuwa na umri usiofika miaka 65. Hapa visiwani wapo watu waliokuwa wakiweka fedha za karafuu msimu baada ya msimu, na ile miaka miwili ya kungoja ndiyo iliyowavusha mpaka wa umri. Sikusikia mtu akitukana; nilisikia watu wakilia na kusema kwamba ni kadari. Mtu anayekubali amri kwa namna hiyo bado ana haki ya kuelezwa sababu yake, na ni wachache walioelezwa.

Neno hilo la kadari ndilo linalotumika zaidi pale mtu anapoikataa chanjo kwa jina la dini. Husemwa kwamba siku ya mtu imeandikwa, na kwamba anayekimbilia sindano amepungukiwa na tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Nashangaa kila ninaposikia hoja hii ikitolewa msikitini, kwa sababu kisa kilichoijibu kinasomwa humo humo. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kuelekea Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akaletewa habari kwamba nchi imeingiwa na tauni. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, waliohama Makka, akawashauri, wakakhitalifiana; akawaita Ansari, watu wa Madina waliowapokea, nao wakakhitalifiana; akawaita wazee wa Kikureshi, ndipo akapata kauli moja, akatangaza kwamba wanarudi. Abu Ubaida, amiri wa jeshi la Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mkisikia tauni imeingia nchi msiiendee, na ikiingia nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Abu Ubaida alibaki Sham na watu wake, akafa katika tauni ya Amwasi mwaka 18 Hijria, naye ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyeutilia shaka uchaji wa yeyote kati ya wawili hao.

Nakipenda kisa hiki kwa jambo ambalo halitajwi sana, nalo ni kwamba amri ilitanguliwa na mashauriano marefu ambayo watu waliachwa wakhitalifiane waziwazi mbele ya mtawala. Tena amri yenyewe ilihusu mwendo wa watu, yaani wapi waingie na wapi wasitoke, kwa sababu ugonjwa unasafiri ndani ya watu. Anayezuiliwa kutoka katika nchi yenye tauni hazuiliwi kwa faida yake mwenyewe. Huenda yeye akapona kama angetoka. Anazuiliwa kwa ajili ya watu wa mji wa pili ambao hajawaona wala hatawaona.

Upande wa pili iko hadithi ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, ambayo Ibn Abbas aliisimulia kwa kumwonyesha mwenziwe mwanamke wa Peponi. Alimwendea Mtume akasema kwamba anaanguka na nguo zinamfunuka, akaomba aombewe. Akapewa hiari: akipenda asubiri na malipo yake ni Pepo, akipenda ataombewa apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke, na akaombewa hilo. Ugonjwa wake haukuwa wa kuambukiza. Mwili ni wake, maumivu ni yake, na hapakuwa na jirani atakayeanguka kwa sababu yeye ameanguka. Mafakihi wengi waliosema kwamba kujitibu si wajibu wameitegemea hadithi hii, na mimi sioni kwamba inapingana na ile ya tauni. Moja inamzungumzia mtu na nafsi yake, na nyengine inamzungumzia mtu na wenziwe. Kanuni ya kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana inakaa hapo katikati.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo ningependa liulizwe kila inapotajwa chanjo ya lazima ni hili: asiyechanjwa anamdhuru nani? Jibu halifanani kwa kila ugonjwa. Pepopunda hutokana na vijidudu vilivyomo udongoni na haitoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwengine. Mtu mzima akikataa chanjo yake hakumwekea jirani hatari yoyote, na mwenye kutaka kumlazimisha hana la kusema isipokuwa kwamba anamhurumia. Shurua ni kinyume chake kabisa. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 katika jamii isiyo na kinga, na ili isienee inatakiwa watu wapatao 95 kati ya kila 100 wawe na kinga. Mtoto wa miezi sita hajafikia umri wa chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida, na mgonjwa wa saratani aliye katika matibabu makali hawezi kupewa. Hao wanaishi kwa kinga ya majirani, na baba anayekataa mwanawe asichanjwe shurua amefanya uamuzi ambao sehemu ya gharama yake italipwa na nyumba nyengine.

Kipindupindu tunakijua zaidi, nacho kinatoa mfano wa hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa Unguja na Pemba katika shehia zilizokuwa zikiathirika sana, dozi mbili, kwa hiari. Karibu nusu ya waliolengwa walimaliza dozi zote mbili. Watafiti waliofuatilia baadaye walikuta kwamba chanjo iliwapa kinga ya asilimia 79, na wakakuta pia kwamba hata wasiochanjwa walipungukiwa na hatari kadiri majirani zao waliochanjwa walivyokuwa wengi. Hakukuwa na amri wala faini. Vivyo hivyo dawa za matende, zilizoanza kugawiwa mwaka 2001 katika visiwa vyote viwili, zilipokewa na watu wengi kwa sababu aliyebisha hodi na kopo la vidonge mkononi alikuwa mtu wa mtaa wao, aliyejulikana ni mtoto wa nani. Wanaosema kwamba Wazanzibari hawaelewi mpaka walazimishwe wayatazame mambo hayo mawili kabla ya kutuhukumu.

Na hofu yetu kwa wenye kuamrisha haikuzuka hewani. Ukisimama Forodhani ukatazama baharini unakiona kisiwa cha Changuu, penye jela iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 ambayo haikutumika kufungia wafungwa, ikageuzwa kuwa karantini ya abiria wa majahazi na meli waliohofiwa kuwa na maradhi. Watu walishushwa pale wakangoja siku zao ziishe huku mji wanauona kwa macho. Sidai kwamba karantini ile haikuwa na maana. Tauni na kipindupindu vilikuwa vikisafiri baharini kweli, na mripuko wa kipindupindu wa 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu hapa. Lakini wenye ukoma waliotengwa Walezo ni habari nyengine. Watu walitolewa majumbani mwao, wakatenganishwa na watoto wao, kwa ajili ya ugonjwa ambao watu walio wengi mno wana kinga yake ya maumbile na hawaupati hata wakiishi na mgonjwa. Leo ukoma unatibiwa kwa vidonge nyumbani, na mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi. Serikali ya wakati ule ilikuwa na uhakika, ilikuwa na madaktari, ilikuwa na sheria, na ilivunja nyumba za watu bila ya haja.

Kano, kaskazini mwa Nigeria, kilitokea kisa kinachopaswa kusomwa na kila mwenye kutaka kulazimisha chanjo katika nchi ya Waislamu. Mwaka 1996, wakati wa mripuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Marekani ilifika ikajaribu dawa yake mpya kwa watoto wapatao 200, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu dawa nyengine. Kumi na mmoja walikufa. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndiyo iliyoua, wazazi wa watoto wakasema hawakuelezwa kwamba ni majaribio, na kesi ikadumu hadi 2009 ilipomalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 75. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, viongozi wa Kano waliisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba imetiwa dawa ya kuwafanya wasichana wasizae. Madai hayo hayakuwa kweli. Matokeo yake polio ya Nigeria ilisambaa hadi nchi zipatazo 20, na watoto wasiojua lolote kuhusu Kano wakapooza miguu. Kilichowarudisha watu kwenye chanjo ni mazungumzo na masheikh, na chanjo iliyoletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu, ambayo viongozi wa Kano wenyewe waliridhika nayo. Afrika ilitangazwa kuwa haina polio ya asili mwezi wa Agosti 2020. Kila ninapousikia uvumi wa ugumba ukirejeshwa hapa kwetu kuhusu chanjo za wasichana, naukanusha kwa nguvu zangu zote, lakini siwezi kumwambia anayeusema kwamba hofu yake haina mzazi.

Sheria za dunia zimelipima jambo hili zaidi ya mara moja. Katiba yetu ya Muungano, baada ya kutoa uhuru wa kuabudu katika ibara ya 19, inataja afya ya jamii katika ibara ya 30 miongoni mwa mambo yanayoweza kuwekea haki mipaka. Marekani, mwaka 1905, Mahakama ya Juu ilimhukumu mchungaji Henning Jacobson wa Massachusetts, aliyekataa chanjo ya ndui kwa kusema kwamba yeye na mwanawe waliwahi kudhurika nayo. Mahakama ilisema kwamba mji una haki ya kuamrisha chanjo wakati wa mripuko. Watu wengi huishia hapo. Adhabu yenyewe ilikuwa faini ya dola 5. Hakushikwa akachomwa kwa nguvu, na hukumu hiyo ilisema pia kwamba amri isifike mahali pa kumdhuru mtu ambaye afya yake haiistahimili. Hata hivyo mwaka 1927 mahakama ile ile iliitegemea hukumu hiyo ya chanjo kuruhusu msichana aitwaye Carrie Buck, wa Virginia, akatwe mirija ya uzazi kwa sababu alihesabiwa kuwa na akili pungufu. Walioandika hukumu ya kwanza hawakuwa wamekusudia ya pili. Ndiyo sababu nasema kwamba mwenye kuiachia serikali mamlaka juu ya mwili wa mtu lazima ayaandike masharti siku ile ile, kabla wino haujakauka, kwa kuwa watakaoyatumia mamlaka hayo baadaye ni watu wengine.

Kipindi cha Uviko-19 kilitufundisha upande ambao wapenda uhuru hawautaji. Sisi hatukulazimishwa. Tuliachwa bila ya habari. Baada ya mwanzo wa Mei 2020 idadi ya wagonjwa Tanzania ilisimama pale pale penye 509 kwa zaidi ya mwaka, huku misiba ikiendelea. Mwezi wa Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Tarehe 31 Januari chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilitangaza kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar amepata Uviko-19, na tarehe 17 Februari alifariki, akazikwa Mtambwe. Aliyekuwapo Pemba siku zile anajua tangazo lile la chama lilivyobadilisha mazungumzo. Watu waliokuwa wakinong'ona kuhusu kupumua kwa shida kwa jamaa zao walianza kusema kwa sauti. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera na kusema kwamba chanjo ni hiari. Naunga mkono hiari ile. Serikali iliyowafundisha watu kushuku mwezi wa Januari haikuwa na haki ya kuwalazimisha waamini mwezi wa Julai. Lakini mtu aliyenyimwa takwimu kwa mwaka mzima hakuwa huru kuchagua, hata kama hakuna aliyemgusa mkono.

Wakati huo ndipo kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akitaka kwenda ng'ambo kutafuta kazi, alipokuja kukaa nami barazani baada ya sala ya alasiri, akanong'ona kwamba kuna mtu anatoa cheti cha chanjo kwa fedha, bila ya sindano.

“Ami,” aliniuliza, “nikikinunua nimemdhulumu nani? Hata waliochanjwa wanaambukiza, wanasema wenyewe kwenye redio.”

Nilimwambia, “Hilo la kuambukiza umesema kweli, mwanangu, nami sitakuficha. Lakini cheti kinasema umechanjwa, nawe hukuchanjwa. Anayetughushi si katika sisi. Kama hutaki sindano, usiende safari inayoitaka.”

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Na mama anakula nini nisipokwenda?”

Swali lake la mwisho limenikaa. Lile la kwanza lilikuwa na nusu ya ukweli ambayo wenye kuamrisha walichelewa kuikiri: chanjo za Uviko-19 zilizuia vifo na ugonjwa mkali kwa kiwango kikubwa, lakini kinga yake dhidi ya maambukizi ilipungua, na aina mpya ya kirusi iitwayo Omicron ilipoenea mwishoni mwa 2021 ilipita hata kwa waliochanjwa. Kwa kipimo changu cha nani anadhuriwa, hoja ya kumlazimisha kijana mwenye afya ilidhoofika siku hiyo, na ingepasa kutamkwa kwamba imedhoofika. Austria walitunga sheria ya kuwalazimisha watu wazima wote mwezi wa Februari 2022, wakaisimamisha mwezi uliofuata, na kabla ya majira yao ya joto kwisha wakaifuta. Swali la mama anakula nini linagusa jambo jengine kabisa, kwa sababu amri ya chanjo inayowekwa juu ya ajira haimwangukii tajiri na maskini kwa uzito mmoja. Mwenye akiba hukataa akakaa nyumbani kwa heshima zake. Asiye na akiba hukubali asichokiamini, au hununua uongo. Amri ikishazaa soko la vyeti vya uongo, serikali inahesabu karatasi na kudhani inahesabu kinga.

Naamini, basi, kwamba mwenye kuamrisha anadaiwa zaidi kuliko anayeamrishwa. Anadaiwa kuthibitisha kwamba ugonjwa unamvuka mtu mmoja kwenda kwa mwengine na kwamba chanjo yake inauzuia uvukaji huo. Anadaiwa kusema wazi madhara yanayojulikana, hata yakiwa machache, na kumsamehe ambaye mwili wake hauwezi. Na anadaiwa fidia. Ujerumani Magharibi, mahakama ya juu iliamua mwaka 1953 kwamba mtu aliyedhurika kwa chanjo ya ndui aliyolazimishwa amejitolea kwa ajili ya wote, na wote wanamdai kumlipa. Mwaka 1961 haki hiyo ikaingizwa katika sheria. Nadhani hakuna hoja ya uadilifu iliyo safi kuliko hiyo katika mjadala huu wote. Wakati wa Uviko-19 uliwekwa mpango wa fidia kwa waliodhurika vibaya kwa chanjo zilizogawiwa na COVAX, mpango wa dunia wa kuzipatia nchi chanjo hizo, katika nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwemo. Sikuusikia ukitangazwa kwa sheha wala msikitini, na kila niliyemuuliza hapa hakuwahi kuusikia. Watu walihimizwa kwa vipaza sauti kwenda kuchanjwa, lakini mlango wa kupitia atakayeumia haukuonyeshwa.

Anayekataa naye ana deni lake, na hapa sina haya ya kuwaambia ndugu zangu katika imani. Aliyechagua kutochanjwa kwa kumtegemea Mungu na asichague pia kwenda sokoni na homa. Mtoto wake akae nyumbani wakati shurua imeingia skuli, na asiite hilo uonevu, kwa sababu ndilo lile lile agizo la tauni. Kama ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, akubali kuhamishiwa kazi nyengine. Na asieneze habari ya ugumba aliyoipata katika simu bila ya kujua nani ameiandika. Maneno yake yakimzuia jirani asichanjwe na mtoto wa jirani akafa, kuna Siku ya kuulizwa, na sisi tunaoiamini Siku hiyo ndio tunaopaswa kuihofu zaidi.

Narudi kwa mjukuu wa yule mzee, kwa sababu kwake kipimo changu kinapata taabu. Kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi huambukizwa kati ya watu, lakini hakiingii darasani kama shurua, na msichana asiyechanjwa hamtii hatarini anayekaa naye dawati moja. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 15, kujitokeza. Chanjo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Sitaki ilazimishwe. Lakini sikubali pia kwamba uhuru unaozungumzwa barazani ni uhuru wa msichana. Babu anapokataa, anautumia uhuru wake juu ya mwili usio wake, kwa ugonjwa utakaokuja yeye akiwa kaburini, naye msichana akiwa mama wa watoto. Mzazi na mlezi ni mwenye amana. Anayo haki ya kuuliza kila swali, na anao wajibu wa kusubiri majibu.

Ningependa kwa hiyo kwamba anayekataa kwa niaba ya mtoto asitie saini tu kwenye fomu akairudisha kwa mtoto mkobani. Afike skuli, akae na muuguzi, amsikilize na asikilizwe, kisha akikataa bado, aandike mwenyewe sababu yake na msichana akiwapo. Katika mkutano ujao wa wazazi nitaliomba hilo, na nitaomba kwa upande wa pili muuguzi asituletee mabango peke yake. Atuambie mbele ya watu wote kwamba mkono utauma, kwamba wasichana wengine huzirai kwa muda mfupi baada ya sindano na kwa hiyo watakalishwa kitini, ni dalili zipi zikionekana usiku msichana apelekwe hospitali, nani atakayelipa gari, na namba ya simu ya kupiga ni ipi, aiandike ubaoni kwa chaki, tuinakili kabla ya kutoka.